Mlango uliomeza watu

Siku ya kwanza nilipoitwa kuliona lile jengo, nusura nimgonge mtu aliyekuja kunipokea. Alikuwa amesimama hatua nne ndani ya mlango, mkono keshaunyoosha. Mimi natoka juani, saa saba mchana, Februari ya Dar es Salaam, nimevuka maegesho ambayo lami yake inaunguza mpaka soli, nikaingia, macho yakazimika. Nikasikia sauti tu: "Karibu Injinia. Umeona mwenyewe sasa. Humu mna giza."

Nikangoja kidogo, kisha nikatazama juu. Dari lilikuwa limejaa taa. Zilikuwa 24, zile bapa za mraba za sentimita 60 kwa 60, nyeupe kama barafu, zote zinawaka, hakuna hata moja iliyokufa. Aliyenipokea, meneja wa milki wa chuo, alikuwa na dawa tayari: tuongeze nyingine 12. Kwenye BOQ, orodha ya vifaa na gharama za mradi, zilikuwa zimeshaandikwa na bei yake pembeni. Nilichoitiwa hasa ni kusaini.

Chuo chenyewe sikitaji, maana huko mbele kuna watu nitawasema. Itoshe kujua kwamba jengo ni la zege, la enzi zile za zege tupu na matofali ya matundu, ghorofa tatu. Chini kuna ukumbi wa kuingilia, na nyuma yake launji ya wanafunzi yenye ukuta mmoja wa kioo unaotazama vimbweta na mwembe mkubwa. Kazi ilikuwa kuufanya mlango na launji viwe vipya bila kuvunja chochote. Pesa ya kuvunja haikuwepo. Ya taa ilikuwepo.

Kabla ya kusaini nilikwenda kumsalimia mlinzi. Huwa naanza nao, kwa sababu hakuna mtu anayekaa na mlango kwa saa 12 mfululizo isipokuwa yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya huu mlango? Huu unameza watu. Mtu anaingia mbio, akifika pale," akanyoosha kirungu kwenye terazo, "anasimama kama kasahau alichofuata. Halafu ndiyo anaendelea."

Nikainama kuitazama ile terazo. Mahali pale palikuwa pamesuguliwa kuliko kwingine, pana kama sinia, vile vijiwe vyeupe vimelainika mpaka vinateleza. Miaka na miaka watu wamesimama hapohapo wakisubiri macho yarudi. Siku za mahafali, mzee akaongeza, wazazi waliotoka mikoani hupapasa ukuta.

Nikatoa kipima mwanga. Nje, kwenye ngazi, kikasoma zaidi ya lux 90,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Ndani, juu ya ule mduara uliosuguliwa, lux 340. Sasa, kiwango cha Ulaya ambacho wengi wetu huku tunakiazima, EN 12464-1, kinataka lux 200 kwa ukumbi wa kuingilia wa jengo la elimu. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi, pale palikuwa na mwanga wa kutosha na chenji inabaki. Na bado watu walikuwa wanapofuka.

Tatizo lilikuwa kwenye macho. Mboni ya jicho hufunguka kutoka kama milimita 2 juani hadi kama milimita 8 gizani, na huo ndio uwezo wake wote: tundu linakuwa kubwa mara 16 kwa eneo, basi. Kutoka 90,000 hadi 340 ni kushuka mara 260 na zaidi. Pengo linalobaki linazibwa na kemia ya nyuma ya jicho, na kemia haina haraka, inataka dakika. Nani husimama dakika nzima mlangoni? Hata tungeongeza zile taa 12, tungefika lux 500 hivi, na jua lingetucheka vilevile. Hakuna taa ya kununua Kariakoo inayoshindana na jua la saa saba.

Nikasimama tena pale kwenye mduara, safari hii nikajiuliza: mtu akiingia, macho yake yanatua wapi? Sakafuni hayatui. Yanatua mbele, kwenye ukuta. Na ule ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea mpaka kifuani, ile mnayoijua, ya shule na zahanati na vituo vyote vya polisi nchini. Rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Kahawia ile haifiki hata 20. Taa 24 zilikuwa zinamwaga mwanga wote chini, terazo inameremeta, na pale yanapotua macho pamekuwa shimo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kwenye mapendekezo yangu ya taa kilikuwa rangi. Meneja akacheka. "Injinia, sisi tumekuita kwa taa. Rangi ina fungu lake." Akanieleza pia, na hapa alikuwa na haki, kwamba ile kahawia haikuwekwa kwa ubaya wa roho. Wanafunzi huegemea ukuta, huweka mguu nyuma kama korongo, na mwezi haupiti ukuta mweupe umekuwa ramani ya soli. Tukabishana siku mbili. Tukakubaliana kipande cha chini, sentimita 40, kibaki cha rangi iliyokolea na kiwe cha vigae. Juu yake kote ni nyeupe, isiyong'aa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu, na kadiri nilivyozidi kuhangaika na ule mlango ndivyo nyumba yake ilivyonijia. Kwenye zile nyumba za mawe mtu hatoki njiani akaangukia chumbani. Unaanza kwenye daka, kijiukumbi cha mlangoni, lenye baraza zake mbili ambapo mgeni wa kawaida huishia na kahawa yake. Kisha tekani, ambako ukuta unakukatisha ili macho ya mpita njia yasifike ndani. Halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, mwanga umejaa. Kisha misana, zile kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na utulivu zaidi, mpaka ndani kabisa kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Watu husifia zidaka kwa vyombo vya kauri vilivyopangwa humo. Mimi nakumbuka jambo jingine. Alasiri nilikuwa natumwa ndani kuleta kitu, hakuna dirisha, hakuna taa iliyowashwa, na nilikuwa nakiona. Ile chokaa nyeupe iliyochongwa ilikuwa inadaka mabaki ya mwanga wa kiwandani na kuyagawa upya.

Jengo letu lilikuwa na daka, ila hakuna aliyejua. Nje ya mlango kuna bamba la zege la mita tatu linalokinga mvua, na uvungu wake ulikuwa umepakwa kijani cha chupa. Tukaupaka mweupe. Jua linapiga ngazi, ngazi zinarusha mwanga juu, uvungu unaushusha. Hapo macho yanapata hatua tatu nne za kuzoea kabla ya kuvuka kizingiti. Gharama yake ni ndoo mbili za rangi na siku moja ya fundi, na katika mradi mzima hakuna kilicholeta tofauti kubwa kuliko hicho. Nakiri iliniuma kidogo, mimi mtu wa taa.

Ndani tukafuata mantiki ya mahandaki ya barabara. Mchana, mwanga mkali zaidi uko mita za kwanza baada ya mlango, halafu unapungua taratibu kadiri unavyoingia. Usiku mambo yanageuka: mlangoni panafifia, ndani ndiyo panang'aa kiasi. Kijicho kidogo cha kupima mwanga kilichofungwa nje, chini ya bamba, ndicho kinachobadilisha zamu. Hili la usiku alilidai mlinzi. Zile taa 24 zilikuwa zinamfanya akae kama samaki kwenye tangi, kila aliye gizani anamwona, yeye hamwoni hata mmoja. Pale kizingitini usiku tumeshuka mpaka kwenye lux 100, chini ya kiwango, na nimeandika barua kueleza kwa nini. Barua ipo kwenye faili. Sidhani kama imesomwa.

Ule ukuta wa mbele ulinipa aibu ambayo ni ya kwangu peke yangu. Nilitaka taa ziupake mwanga kuanzia darini, nikazipanga sentimita 15 tu kutoka ukutani. Kwenye mchoro ilipendeza. Tukawasha saa moja jioni, mafundi wote wakiwa wamekusanyika na soda, na ukuta ukageuka bahari. Kila wimbi la plasta, kila mahali ubao wa kusawazishia ulipochoka, kila kiraka cha bomba lililofukiwa vilitoka vina vivuli virefu. Fundi wa plasta hakusema neno. Alisogea, akapitisha kiganja ukutani, kiganja kikapita laini, maana kwa mkono ukuta ulikuwa sawa kabisa. Mwanga unaolamba ukuta kwa pembeni haumsamehe mtu. Unafaa kwa mawe, kwa matumbawe, kwa kitu ambacho ukwaruzo wake ndio uzuri wake. Kwenye plasta unaziondoa taa ukutani kwa kama theluthi ya kimo cha ukuta. Ukuta wetu ulikuwa mita 3.6, kwa hiyo mita 1.2. Tukatoboa dari upya na mashimo ya kwanza tukayaziba kwa gharama yangu. Nililijua hilo tangu shuleni, ila nilitaka mchoro upendeze.

Ile mistari ya taa za kulamba hatukuitupa. Tuliihamishia kwenye ukuta wa matofali ya matundu, upande wa kushoto. Mchana ukuta ule ulikuwa unapitisha upepo tu, na usiku ulikuwa giza lenye matundu. Sasa mwanga unapanda kutoka chini, kwa nyuma, na kila tundu lina ukingo wake. Wanafunzi wa usanifu walikuja kuupiga picha kabla hatujamaliza kufagia.

Launji ilikuwa kesi nyingine kabisa.

Niliingia mara ya kwanza saa mbili usiku, kimakusudi. Wanafunzi labda 15, wengine na madesa, wengine na simu, na wote, naomba mniamini, walikuwa wameketi wakiupa mgongo ule ukuta wa kioo. Ukuta wa gharama kuliko zote, wenye mwembe nyuma yake. Nikaketi nikiutazama, nikaelewa. Kilichokuwa mbele yangu ni mimi mwenyewe, na zile taa za mraba zikijirudia nyuma yangu safu kwa safu mpaka upeoni. Nje hakuna kitu, weusi mtupu. Binti mmoja aliniambia: "Dada, ukikaa huko unahisi kuna mtu nje anakuangalia, na wewe humwoni."

Kioo hakijali upande gani ni ndani. Upande wenye mwanga mwingi ndio unaojirudia. Mmarekani Richard Kelly, mbunifu wa taa, alikutana na jambo hilihili mwaka 1949, kwenye nyumba ya vioo vitupu ya msanifu majengo Philip Johnson kule New Canaan, Connecticut. Usiku nyumba nzima ilikuwa inageuka kioo cha kujitazamia. Kelly alipunguza mwanga wa ndani, akaangaza miti ya nje, na kuta zikafunguka tena. Ni huyo Kelly aliyeandika mwaka 1952 kwamba mwanga una namna tatu, na nikizisema Kiswahili zinakuwa hivi: kuna mwanga wa kutanda, kuna wa kulenga, na kuna wa kumetameta. Zile taa 24 na ndugu zao wa launji walikuwa ni kutanda, kutanda, kutanda.

Kwa hiyo tukaangaza mwembe. Taa mbili chini ya shina, zikitazama juu ndani ya matawi, na moja ndogo kwenye vimbweta. Ndani tukazima dari lote na kuleta mwanga chini, walipo watu: taa za kuning'inia juu ya meza, na za kulenga kwenye rafu na ubao wa matangazo. Niliota vifuniko vya ukili kwa zile za kuning'inia. Watu wa manunuzi wakavikata mstari mwekundu, wakaniletea vya bati. Sawa.

Siku tuliyowasha mwembe sikusema chochote, niliketi pembeni tu na kusubiri. Dakika kumi hivi zilipita. Kijana mmoja akainuka, akaburuta kiti, akakigeuza.

Halafu suala la sura. Taa za zamani zilikuwa za Kelvin 6500, kipimo cha rangi ya mwanga. Hesabu hii inawachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume na moyo: kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa wa buluu na ubaridi. Mshumaa na kibatari viko karibu na 1900. Launji tumeiweka 3000. Lakini Kelvin peke yake hazitoshi, kuna kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, ambacho mwisho wake ni 100, na kina ujanja ambao muuzaji hatakwambia. Wastani wake unakokotolewa kwa rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo inapimwa peke yake, inaitwa R9. Taa inaweza kujisifu ina 80, na R9 yake iko karibu na sifuri. Ngozi yetu ina wekundu mwingi chini ya weusi wake, na taa isiyo na nyekundu hutufanya wa kijivu. Tulipojaribu taa mbili juu ya meza moja, mwanafunzi akajitazama kwenye kamera ya simu, akasema: "Hii ya kwanza inanitoa kama nimetoka kuugua malaria." Nilitumia sentensi yake kwenye kikao cha bajeti. CRI 90 ikapita.

Wanafunzi walipenda launji. Sensa hawakuzipenda hata kidogo, na walikuwa na haki.

Mwenye kulipa bili alitaka sensa za mwendo: hakuna mtu, taa zizime. Ni wazo zuri korido na chooni. Launjini, mtu anasoma. Anayesoma hatikisiki. Kila baada ya dakika 15 taa zinazima na chumba kizima kinainua mikono kama kwenye ibada ya uamsho. Mbaya zaidi, sensa hizi hufanya kazi kwa kuona tofauti kati ya joto la mwili na joto la chumba, na Februari yetu chumba kinakaribia kuwa na joto la ngozi. Kwa sensa, mwanafunzi wa Dar es Salaam mwezi huo ni sehemu ya hewa. Wiki ya pili nikakuta wamefunga kipande cha karatasi kwenye pangaboi, kinazunguka mbele ya sensa usiku kucha. Uhandisi safi. Tukaziondoa, tukaweka swichi ya kawaida karibu na mlango, na saa ya kuzimia usiku wa manane.

Kumbikumbi nao. Vuli ikianza, taa zile nyeupe za mlangoni zilikuwa zinawaita kutoka mtaa mzima, asubuhi mfagizi anazoa mbawa kwa ndoo, na mijusi imenenepa ukutani. Mwanga wa joto huvutia wadudu wachache kuliko ule wa buluu. Wanakuja bado, ila ndoo imekuwa kizoleo.

Mwezi wa nne baada ya kukabidhi, simu ikapigwa: taa tano zinapepesa kama disko. Nilikwenda na fundi wangu, akapanda ngazi, akashusha draiva moja, kile kifaa kinachoilisha taa umeme unaoifaa, na kuifungua juu ya meza ya mlinzi. Kapasita kubwa ilikuwa imevimba kichwa, mviringo kama kikombe kilichofunikwa, na ukingoni umajimaji wa hudhurungi uliokauka. "Hii imepikwa, bosi," akasema. Nikaingiza kipimajoto juu ya jipsamu, chini ya bamba la zege linalopigwa jua: nyuzi 52. Kapasita za aina ile hupoteza kama nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kwenye boksi imeandikwa saa 50,000, na si uongo, ila zile ni saa za kijitaa chenyewe kushuka mpaka asilimia 70 ya mwanga wake. Draiva haimo kwenye hesabu hiyo. Na draiva zilizofungwa hazikuwa zile nilizoandika. Mletaji alibadilisha, akaniambia ni "sawa na zile". Tukazitoa zote darini, tukazikusanya kwenye boksi la chuma lenye matundu, kwenye korido yenye upepo. Mletaji alilipia nusu. Nusu ya pili tunaizungumzia mpaka leo.

Ukumbi wa kuingilia sasa unatumia umeme pungufu ya nusu ya ule wa zamani, na hakuna aliyeniambia tena kuna giza. Meneja huwaeleza wageni kwamba tuliongeza taa. Tulipunguza, zimebaki 14, lakini nimemwacha.

Juzi nilipita, sina kazi, nimepita tu. Mduara wa terazo bado upo ila watu wanaukanyaga wakienda. Nikanyanyua macho, nikaona kwenye safu ya ukuta taa moja, ya tatu kutoka kushoto, nyeupe ya barafu katikati ya zenzake za manjano, kama jino la bandia.

"Shikamoo mzee. Ile vipi?"

"Marahaba mwanangu. Ile ilikufa Jumanne. Stoo walisema ya aina yako haipo, wakaleta hiyo. Wanasema hii ndiyo inawaka zaidi."

Nilikuwa na moja kwenye gari. Mzee akanishikia ngazi. Tulipomaliza akafungua droo ya meza yake, akasogeza kitabu cha wageni na tochi, tukaweka humo tatu za akiba nilizokwenda kuzileta kesho yake, kila moja nimeiandika kwa kalamu nene: 3000. Ile nyeupe akaiomba. Anataka kuifunga nje ya banda lake la kuku.